Rimu za Marehemu

Mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Ataunguza chungu, atanenepa, atakoroma, na siku moja atamjibu mume vibaya, nawe upate kupumua. Lakini kitendawili: mke mwenza wangu hali, hakoromi wala hazeeki, na kila mgeni akiingia humsifu yeye kwanza. Bi Uzi jibu alilijua. Lilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya mbao, limeegemea gari jeupe na kucheka.

Huyo alikuwa mke wa kwanza wa Mwalimu, marehemu. Bi Uzi, mshonaji wa nguo, aliolewa miaka sita iliyopita, yeye akiwa ameachika, naye Mwalimu akiwa mjane. Ile picha akaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: unatafunia upande mwingine, siku zinakwenda.

Gari lenyewe bado lilikuwepo. Lilikuwa gari la zamani hasa, la milango mizito na taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Pichani lilisimama juu ya rimu za spoki, zile zenye vyuma vyembamba vingi kama vya baiskeli. Wifi yake, dada wa Mwalimu, hakukosa kulisema hilo kila alipokuja: "Marehemu alikuwa akizisugua kwa mswaki, spoki moja moja, kila Jumamosi. Mikono ile! Mungu amrehemu." Kisha humtazama Bi Uzi mikono, iliyojaa alama za sindano.

Marehemu alipougua, Mwalimu aliziuza zile rimu kwa mpenzi mmoja wa magari, akafunga za chuma zilizotoka kwenye pikapu. Tangu hapo gari likawa kama bibi mwenye heshima zake aliyeazima viatu vya mtoto wa shule.

Bi Uzi akaona hapo pana nafasi yake. Mwaka ule Mwalimu alikuwa anastaafu. Mwanamke akakaa kwenye cherehani akashona sare za shule nzima, goti likavimba kwa kukanyaga, asimwambie mtu. Alipomaliza alikwenda dukani akachagua rimu nne mpya za aloi, zenye mikono mitano mipana, ziking'aa hata mtu angeweza kujifunga kilemba kwa kujitazamia humo. Akaziweka barazani ndani ya maboksi yake. Mwalimu alifungua boksi la kwanza, akacheka kama mtoto.

"Wewe mwanamke! Umenifanyia haya mimi?"

"Sasa nimfanyie nani, jirani?"

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu wifi aliingia na pikapu ya kukodi, mtandio umemshuka mabegani, sauti imemtangulia.

"Kaka! Kaka we! Njoo uone mambo!"

Ndani ya gunia mlikuwa na zile rimu za spoki, zote nne. Mtu aliyezinunua alikuwa anahama, kazikuta stoo, kasema zirudi kwa wenyewe. Kutu ilikuwa imeanza pembeni, lakini hakuna spoki iliyopungua. Mwalimu alichuchumaa. Akaweka kiganja juu ya rimu moja, akakiacha hapo, wala hakusema kitu. Bi Uzi angependelea aseme. Neno unaweza kulijibu. Kiganja utakijibu nini?

"Haya, sasa gari litavaa zipi?" wifi akauliza, macho kwa Bi Uzi.

Mwalimu akatazama maboksi, akatazama gunia, akamtazama mkewe. "Tumpelekee Fundi Sikio," alisema. "Akizipima tutajua."

Fundi Sikio alikuwa na gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Jina lilitokana na kazi yake. Rimu ya spoki haipimi kwa macho: huitundika kwa kamba kwenye boriti, akachukua ufunguo mdogo wa chuma, akagonga spoki moja baada ya nyingine huku amefumba macho. Spoki iliyokazwa sawasawa huimba. Iliyolegea hukohoa. Na kitovu cha rimu kikiwa na ufa, sauti yote huwa ya sufuria iliyopasuka. Watu walitoka mbali kuja kumpa asikilize.

Rimu zilipelekwa jioni. Asubuhi yake, Mwalimu akiwa bado anakunywa chai, Bi Uzi alikuwa gerejini, kambebea fundi suruali aliyompunguzia kiuno.

"Karibu, mama. Kitendawili!"

"Tega." Moyo haukuwa kwenye vitendawili.

"Nikimpiga kwa nguvu hulia, nikimgusa huimba."

"Spoki."

"Ah, umeniibia!" Fundi akagonga rimu iliyokuwa ikining'inia, ikatoa sauti nyororo, ndefu, ikazunguka gereji nzima. "Sikia huyo. Zote nne ziko hivi. Nitazing'arisha tu. Mwalimu ana bahati."

Bi Uzi alikaa juu ya tairi. Sauti ile ilimwingia mwilini kama kicheko cha mtu aliye chumba cha pili.

"Fundi, mwanangu. Mwambie kitovu kina ufa."

"Kipi?"

"Chochote. Mwambie ni hatari, hazifai barabarani."

Fundi aliacha ufunguo mkononi. "Mama, yule mzee ndiye aliyenifundisha kugawanya. Nimdanganye?"

"Na gauni la harusi la binti yako nani alilishona akakesha? Nilikuuliza maswali?"

Fundi akajikuna shingo, akatazama boriti kana kwamba jibu limetundikwa kule. "Mimi sisemi," alisema mwishowe. "Sema wewe. Mimi nitanyamaza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alipofika, Bi Uzi ndiye aliyetangulia: "Pole, mume wangu. Fundi amekuta ufa kwenye kitovu." Fundi Sikio wakati huo alikuwa ameinama akitafuta spana, na spana alikuwa ameishika.

Mwalimu alimtazama fundi na spana yake. "Basi," alisema. "Tufunge mpya."

Wakafunga mpya. Gari lilitoka gerejini linameremeta chini kama lina taa miguuni, na majirani wakapiga makofi. Bi Uzi alikaa kiti cha mbele, kidevu juu. Alikuwa ameshinda. Tatizo ni kwamba hakuhisi ameshinda. Alihisi kama mtu aliyefunga goli mlinda lango akiwa ameenda kunywa maji.

Kesho yake aliporudi kutoka sokoni alikuta vumbi la saruji sebuleni. Mwalimu alikuwa juu ya kiti na drili mkononi. Ukutani, ubavuni mwa ile picha, palitundikwa rimu ya spoki imesuguliwa inang'aa.

"Hazifai barabarani," alieleza kwa uchangamfu, "lakini kuzitupa ni dhambi. Zitakaa na sisi."

"Zote?"

"Nimezigawa vizuri." Si mwalimu wa hesabu? Moja sebuleni. Moja chumbani, mkabala na kitanda. Moja kwenye korido. Na ya nne, kwa mapenzi kabisa, alikuwa ameitundika juu ya cherehani. "Hii yako. Utaning'inizia nyuzi zako kwenye spoki. Unaonaje?"

Bi Uzi angeonaje? Barabarani zingepigwa na matope, zingekanyaga mashimo, mbwa wangezikojolea. Sasa mke mwenza alikuwa ameingia ndani na mizigo yake yote, na aliyemfungulia mlango ni yeye mwenyewe. Akilala, anaiona. Akiamka, anaiona. Akitia uzi kwenye sindano, inamwangalia kwa macho arobaini. Na Mwalimu, ambaye sasa hakuwa na shule ya kwenda, akatafuta mswaki mkuukuu akawa anazisugua, spoki moja moja, huku akipiga mluzi. Rimu za aloi zilikaa nje chini ya turubai. Hakuna aliyezipigia mluzi.

Alivumilia wiki mbili. Akaanza kuunguza mboga. Akashona shati mikono yote ikawa ya kushoto.

Kisha wifi akaja. Alisimama katikati ya sebule, akazunguka, akashika mashavu.

"Jamani! Nyumba imerudi ilivyokuwa! Marehemu angeiona hii, angefurahi! Nimesikia hata harufu yake."

"Hazina ufa!"

Wifi akageuka. Mwalimu, mswaki mkononi, akageuka.

"Hazina ufa," Bi Uzi alirudia, na sasa lilikuwa limeshatoka, halirudi. "Ni nzima zote nne. Nimesema uongo mimi. Fundi nimemziba mdomo kwa gauni la harusi."

Wifi akachukua mkoba. "Mimi nilikuwa naondoka."

"Kaa," alisema Mwalimu. Wifi akakaa haraka, hilo alilitaka.

Mwalimu aliweka mswaki mezani, akaulaza sambamba na ukingo wa meza, kama alivyokuwa akilaza chaki. Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo Bi Uzi alipoogopa.

"Umemfanya mwanafunzi wangu ainame mbele yangu akitafuta spana iliyo mkononi. Nikadhani anazeeka kabla ya wakati wake. Nikamwonea huruma! Miaka sita, mama. Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka uchague zangu."

"Nilizichagua. Si zimefungwa?"

"Umezichagua kwa sababu nimekudanganya. Hapo umechagua nini? Hata mimi naona aibu kuzipanda." Akajifuta pua kwa kona ya kanga. "Haya, chagua sasa. Ukweli wote unao. Zipi?"

Laiti angenyamaza. Mwalimu hakufikiri hata pumzi moja.

"Za spoki."

Wifi akavuta hewa. Bi Uzi akashika mgongo wa kiti.

"Umeniuliza swali la rimu," Mwalimu akaendelea, "nami nimejibu la rimu. Gari lile ni la spoki. Mpya ni nzuri, lakini ni koti la mtu mwingine. Kama una swali jingine, uliza hilo jingine."

Swali jingine alikuwa nalo miaka sita. Alikuwa nalo alipopika, alipofua, alipopanga nguo kwenye kabati lenye vibanio vya mwenzake. Lakini alipofungua kinywa likatoka dogo, la pembeni:

"Umeniita kwa jina lake mara tatu. Mara ya mwisho mbele ya huyu."

"Nimekuita. Na nitakosea tena, sikufichi. Niliishi naye miaka ishirini na minne, ulimi una njia zake."

"Ukikosea tena nitakuita kwa jina la yule mume wangu wa kwanza, mlevi yule."

"Usinitukane hivyo!" Mwalimu akasema, na mdomo ukamcheza. Kisha akatulia. "Niwapimeje aliyekufa na aliye hai? Hakuna mizani hiyo, hata darasani sikuwahi kuiona. Yule nilimzika kwa mikono hii. Wewe ukichelewa sokoni nasimama dirishani."

"Uongo."

"Muulize wifi yako."

Bi Uzi akamgeukia. Wifi alikunja uso kama mtu anayelazimishwa kulipa nauli ya mwenzake.

"Husimama," alikiri. "Anashika pazia hivi, kama bibi harusi. Siku ile ya mvua nilimwambia kaka kaa chini, hajaenda vitani, kaenda kununua vitunguu. Hakukaa. Na marehemu, niseme tu ukweli, huyo hakumsimamia dirishani. Yule hakuwa mtu wa kuchelewa."

Bi Uzi hakujua afanye nini na habari hiyo. Akaishika kama mtu anavyoshika noti kubwa mahali penye watu wengi. Wivu haukwisha, nani alikwambia wivu huisha? Lakini sasa ulikuwa na mwenzake wa kugombana naye, mwenye masikio na mswaki.

Asubuhi, ni yeye aliyezishusha zile rimu ukutani, moja moja, akaacha matundu manne ya drili yanayomtazama. Gerejini alimwambia Fundi Sikio mbele ya mumewe, "Nilikuponza, mwanangu, nisamehe," na fundi akajibu kwamba mgongo bado unamuuma kwa kutafuta ile spana. Akamtundikia rimu, akampa ufunguo. Bi Uzi akafumba macho, akagonga spoki zote, akasikiliza mpaka ya mwisho. Hakuna iliyokohoa. Akasema, "Funga hizi."

Mwenye duka alikubali kuchukua rimu za aloi, akatoa matairi manne mapya badala yake, meusi tititi, na hayo ndiyo yaliyovalishwa spoki za marehemu.

Jumamosi hiyo walikwenda mjini. Kwenye taa nyekundu, kijana wa teksi alitoa kichwa dirishani.

"Mzee! Rimu hizo ni moto! Nani kakuchagulia?"

Mwalimu alivuta pumzi ajibu.

"Mimi," alisema Bi Uzi.

Mwalimu akafumba mdomo, akakazia macho ile taa kama anangoja imtungie mtihani. Ikawa kijani. Bi Uzi akajiegemeza vizuri kitini, akatoa kiwiko nje. Na marehemu kama ana la kubisha, aje.