Doa Katikati ya Ukurasa

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Mama Jicho, na siku hizi jina hilo lilikuwa likimtesa. Kazi yake ilikuwa kusahihisha prufu, yaani kuusoma ukurasa kwa mara ya mwisho kabla mashine hazijawashwa, na kwa miaka mingi hakuna kosa lililothubutu kumpita. Sasa jicho lake la kulia lilikuwa na doa. Lilikaa katikati kabisa, pale pale anapotaka kutazama, likimeza kila anachokilenga. La kushoto nalo lilikuwa limeanza kuiga ujinga wa mwenzake.

Hakumwambia mtu. Mpimaji wa macho alishamwambia kwamba miwani haisaidii tena, aende hospitali kubwa. Akaitikia "sawa, daktari" kwa adabu zote, kisha akaenda zake nyumbani kupika. Aliogopa, hilo halina haja ya kuremba. Aliogopa giza, akaogopa kuambiwa na daktari kwamba giza linakuja, na zaidi ya yote aliogopa ile siku ambayo kiwanda kizima kingemwonea huruma.

Kazini alijikaza. Walisoma wawili wawili: mwenzake, mzee mmoja mwenye sauti ya kuadhini, alishika mswada na kuusoma kwa sauti, kila alama akiitaja, mkato, nukta, mabano fungua, mabano funga, mpaka watu wakambandika jina la Mkato. Mama Jicho alifuata kwenye prufu kwa ncha ya penseli. Macho yalipoanza kumgomea, masikio yakachukua zamu. Mkato akisema neno, yeye alilisikia, na alichokisikia akakiona pale kwenye doa. Penseli ilisonga vizuri tu. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo walikuwa wamemaliza kijitabu cha kumhudumia mtoto mgonjwa nyumbani, cha kugawiwa bure zahanati. Alitia saini. Kijana wa kompyuta akampa flashi yenye toleo la kidijitali, akamwambia alipitie akipata nafasi, kwani maneno ni yale yale. Mama Jicho aliitumbukiza mkobani, na ulipofika muda wa chakula hakula. Alikwenda duka la vifaa vya elektroniki, akiangalia nyuma mara mbili tatu kama mtu aliyeiba kuku.

"Nataka kifaa cha kusomea vitabu," alimwambia muuzaji, mwanamke mchangamfu mwenye kucha ndefu. "Ni cha dada yangu. Macho yake yamechoka."

"Pole yake. Basi kishikwambi tukiache, mama. Kinang'aa, kina michezo, kina kila kitu. Dada yako atasoma kurasa mbili, halafu aishie kwenye video za mapishi." Akaweka vingine viwili juu ya kaunta. "Hivi ni vya vitabu tu. Kioo hakimpigi mtu machoni, kimetulia kama karatasi. Na herufi unakuza unavyotaka."

Mama Jicho akashika kile kidogo. Kilikuwa chepesi, cha kuficha chini ya leso.

"Hicho kizuri kwa mkoba," alisema muuzaji, "lakini ukishakuza herufi, mstari unabaki na maneno mawili. Atafungua kurasa mpaka vidole viote sugu. Mpelekee hiki kipana."

"Na vitabu? Anavipata wapi?"

"Vya kununua viko humo humo. Vya Kiswahili si vingi, nisikudanganye, itabidi avitafute. Kuna maktaba zinazoazimisha kwa mtandao. Siku zikiisha kitabu kinajirudisha chenyewe, hakuna wa kukugombeza. Na kama ana mafaili yake tunamwekea. Ila PDF asiitegemee sana. Ile ni kama picha ya ukurasa, ukiikuza inakatika pembeni. Atafute faili la kitabu pepe hasa, maneno yake yanajipanga upya."

Mama Jicho aliuliza kwa sauti ndogo kama herufi zikikuzwa mpaka mwisho na bado mtu asione, kuna kifaa kingine. Muuzaji alimtazama usoni, na safari hii hakuleta mzaha.

"Tujaribu kwanza, mama," alisema. "Una chochote cha kusoma?"

Akatoa ile flashi.

Kwa kompyuta ya duka, muuzaji alikiingiza kijitabu kwenye kile kifaa kipana, akakifungua, akakuza herufi. Mama Jicho akakishika. Mwanzoni ukungu. Akabonyeza tena, na tena, na ghafla neno likatokea pande zote za doa, kubwa mno kumezwa: MTOTO. Akabonyeza kugeuza ukurasa, akasoma mstari mzima, kisha mwingine. Machozi yalimtoka hapo hapo mbele ya kaunta, na hakukumbuka kumsingizia dada.

Akaendelea kusoma kwa uchu, hata asiyoyahitaji. Akafika kwenye dawa ya homa. *Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: mililita 15.*

Akasoma tena. Asubuhi Mkato alikuwa amesema tano. Alimsikia vizuri, mililita tano, nukta, na penseli ikapita. Ile moja iliyosimama mbele ya tano ilikuwa imelala ndani ya doa lake.

Mashine ilipangiwa kuanza mara baada ya chakula.

Alilipa, akasahau flashi, akasahau mwavuli, akatoka mbio na kifaa kifuani. Alikuwa mtu mzima mwenye magoti ya kulalamika, lakini siku hiyo magoti hayakuulizwa. Njia nzima alimwona akilini mama asiyemjua, kijiko mkononi, mtoto mapajani, akimnywesha kwa kufuata kijitabu neno kwa neno, kwa sababu mambo yaliyochapwa watu huyaamini. Barabara aliivuka kwa kusikiliza magari.

Mngurumo aliusikia kabla hajafika mlangoni. Karatasi zilikuwa zinaruka nje ya mashine, marundo mawili yakisubiri kukatwa.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima mashine!"

Fundi mkuu, mwanamume mzito asiyependa kusumbuliwa, alizima kwanza ndipo akakunja uso. "Kuna nini?"

"Dozi ya mtoto si sahihi. Kumetoka kitu nje?"

"Bado. Gari linakuja jioni." Akaokota karatasi, akaitazama, akalinganisha na mswada ambao Mkato alishaukimbilia mezani. Uso ukambadilika rangi. "Nani alipitisha hii?"

Kijana wa kompyuta alikuwa amesimama hapo, midomo wazi. Ni yeye aliyekosea kupiga chapa, na ingekuwa rahisi sana lawama kumwangukia.

"Mimi," alisema Mama Jicho. "Aliyekosea kuandika hana neno, mimi ndiye wa kumkamata. Sikumkamata kwa sababu macho yangu hayaoni. Nasoma kwa masikio."

Hakuna aliyecheka. Mkato aliketi juu ya rundo la karatasi.

"Jamani, mimi ndiye niliyekuwa nakusomea," alisema Mkato. "Kila siku. Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Niliogopa."

Fundi mkuu hakumfokea, na angemfokea ingekuwa afadhali. Aliiweka karatasi chini taratibu, akamuuliza swali moja tu.

"Tangu lini?"

Akageuka kutazama rafu ya ukutani, iliko nakala moja ya kila kilichochapwa. Alivijua kwa mahali vilipo: kitabu cha hesabu cha darasa la pili, mwongozo wa dawa za mimea shambani, ule wa mafundi umeme. Vyote vilikuwa na saini yake, na vyote vilishatoka, viko majumbani mwa watu.

"Tangu kabla ya hivyo vyote," alisema.

Mkato akainuka, akautoa rafuni ule mwongozo wa mafundi umeme, waanze na huo kuvipitia upya. Akamwambia kijana wa kompyuta alete mswada wake, na faili lake aliweke kwenye kile kifaa. Akavuta viti viwili karibu na dirisha. Mama Jicho akaketi, akakuza herufi mpaka mwisho, huku watu wote wakitazama zilivyo kubwa.

"Usinitajie kitu safari hii," alimwambia Mkato. "Mimi nitasoma, wewe fuata."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.