Msusi wa Shaba

Vani la Mama Saluni liliingia uani likinguruma, lakini ukiacha injini, kila kitu ndani yake kilikuwa kimekufa. Taa haziwaki, honi hailii, redio kimya. Hata kukata kona alikata kwa mkono, kautoa dirishani kama mtu anayefukuza kuku.

Waya alilisikia kabla hajaliona. Aliijua injini ile kama mtu anavyojua kikohozi cha wa nyumbani kwake. Akaiweka chini mota aliyokuwa nayo mkononi, akajifuta mikono kwa tambara, kisha akajifuta tena, ingawa ilishakuwa misafi kadiri mikono ya fundi umeme wa magari inavyoweza kuwa misafi.

"Usilizime," alisema kabla hata ya salamu.

"Nizime niwashe na nini? Nimesukumwa na wauza mitumba nusu ya mtaa." Mama Saluni akashuka, akanyoosha mgongo. "Habari za hapa, fundi?"

Fundi. Neno hilo lilimchoma kila mara, na kila mara alilipokea kama mtu aliyepewa kiti kibovu na mwenyeji. Mwanamke huyu alikuwa mkewe kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa mtalaka wake, na kwenye ndoa yao hakumwita fundi hata siku moja. Alimwita msusi mwenzangu. Yeye alisuka nywele, mumewe alisuka mota. Maana mota au dainamo ikiungua, unazitoa nyaya za shaba zilizoungua na kuzungusha mpya, uzi juu ya uzi, kwa vidole, na kazi hiyo nayo jina lake ni kusuka. Wakati wa kula walikuwa wakilinganisha vidole, vya mume vimechanwa na shaba, vya mke vimekakamaa kwa rasta. "Hii nyumba ya wasusi wawili," mkewe aliwaambia wageni, "na hakuna hata mmoja mwenye kucha."

Kilichowatenganisha kilikuwa kidogo. Mama Saluni alitaka kununua gari, atie viti na draya ndani yake, awafuate wateja waliko: wauguzi wanaotoka zamu, wazazi wachanga, vikongwe wasioweza kupanda ngazi. Waya akacheka. Akasema saluni haina miguu. Alisema mbele za watu, na kesho yake akalirudia, kwa sababu mara ya kwanza watu walicheka. Mwanamke akanunua gari, akaondoka nalo. Talaka ilikuja baadaye, polepole, kama mtu anayekuja kufunga mlango uliokwishaachwa wazi.

Toka hapo dainamo ndiyo iliyomrudisha uani. Ilikuwa ile ndogo iliyozaliwa na gari, ya kulisha taa na vifuta kioo na kuijaza betri injini inapotembea. Mama Saluni aliitwika draya mbili, feni na mashine ya kunyolea. Ikaungua. Waya akaisuka. Ikaungua tena, akaisuka tena. Aliwahi kumwambia kwamba ingefaa kutafuta kubwa, lakini alimwambia kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chakula huku anafunika sufuria. Jirani yake mchomeleaji, ambaye watu walimwita Cheche, alikuwa na maneno yake. "Hii dainamo ina akili kuliko ninyi wawili," alisema. "Yenyewe ikimkumbuka mtu, inaungua."

Waya akainama kwenye injini. Harufu ya vanishi ya nyaya iliyoungua ilimpokea puani.

"Imekufa," alisema. "Ila dizeli ya zamani ni hivyo. Ikishawaka haikuombi umeme. Inakwenda tu."

"Najua. Imenileta bila umeme kutoka ng'ambo ya mji." Mama Saluni akaketi juu ya tairi bovu, mahali pake pa siku zote. "Safari hii usinisukie. Nataka kubwa. Nataka isiyonirudisha hapa."

Akaeleza bila kumtazama. Kule juu walikuwa wanajenga barabara mpya, na kambi za wajenzi zilifuatana kama shanga. Kulikuwa na wapishi, makarani, madereva wa kike, na wake waliowafuata waume zao, na saluni hakuna. Walimwita. Angehama na gari lake, atembee kambi hadi kambi mpaka barabara iishe. Cheche, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya anatafuta nondo, akauliza tangu lini barabara zikaisha.

Waya alikuwa ameshika spana na hajui ataipeleka wapi. Kazi aliyopewa alikuwa ameielewa vizuri: alitengeneze gari hili liache kumhitaji. Akiifanya vizuri, mwanamke huyu atakwenda na asirudi. Akiifanya vibaya atarudi, pengine kwa kukokotwa. Lilimjia wazo la nati moja iachwe legelege, iachie baada ya mwezi. Akalitema pamoja na mate. Kuna mambo fundi hafanyi akiwa na njaa, na akiwa mpweke hafanyi vilevile.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa wauza vipuri chakavu. Wa kwanza alimtolea dainamo kubwa, inang'aa kama sahani ya harusi, na kwa ukubwa ilitosha. Waya akaigeuza nyuma, akairudisha. Ilikuwa ya gari la petroli. Gari kama lile la Mama Saluni hubeba pampu ndogo mgongoni mwa dainamo, na pampu hiyo ndiyo inayonyonya hewa ili breki iwe laini. Ukifunga dainamo isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri sana, uone vizuri sana unachokwenda kukigonga. Mwuzaji akamwambia anachagua kama mtu anayeoa. Waya akamjibu kwamba angechagua hivi wakati wa kuishi na mke, asingekuwa hapa. Mwishowe alipata moja iliyotoka kwenye gari la wagonjwa, nzito, chafu, na pampu yake mgongoni.

Haikukaa mahali pake. Kishikio cha chuma kilikuwa chembamba na kifupi. Waya akachukua grenda, akakikata, cheche zikamrukia kwenye mikono ya shati, na jirani yake akachomelea kingine kipana. Mama Saluni alikuwa kasogea karibu kuangalia. Alipenda kuangalia kazi, hata isiyo yake.

"Kwa hiyo ile ndogo haiwezi tena kurudi hapa?"

"Haiwezi. Hata uiombe kwa machozi."

Mama Saluni akatikisa kichwa, akaiangalia ile ndogo iliyolala chini kwenye mafuta. Waya alibadilisha puli ili mkanda unyooke, akavuta waya mnene hadi kwenye betri, kwa sababu ule mwembamba ungeyeyuka kwa mzigo mpya. Kazi ilimkubali. Hilo nalo lilimuuma: mikono yake ilikuwa na furaha na yeye hana. Akafika kwenye mpira wa kunyonya hewa ya breki, akausukuma kwenye pampu, na mkono wa pili ukawa unapapasa klipu ya kuubana.

"Bado unalala na redio imewashwa?" Mama Saluni akauliza.

Mkono ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Mwanao. Anasema ukipigiwa simu alfajiri, anayeitikia ni mtangazaji."

Waya akasema redio inamsaidia kujua saa. Mama Saluni akasema saa huangaliwa, hailalwi nayo. Waya akaokota spana, akaanza kukaza mkanda. Klipu ilibaki juu ya betri.

Likisaidiwa na betri nyingine ya hapo uani, gari liliwaka kwa mpigo mmoja. Taa zikawa kali hata mchana ule. Mama Saluni akaziwasha draya zote mbili, feni, na mashine ya kunyolea, na mshale wa mita haukutikisika. Akasimama akisikiliza vyombo vyake vikivuma kwa pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Waya alimtazama usoni akaona mwanamke anayekwenda zake.

Wakalijaribu barabarani, Waya kwenye usukani. Walipita kwa fundi viatu, wakapanda mpaka kwenye tangi la maji, wakageuza. Kwenye mteremko wa kurudi Waya akakanyaga breki. Mara ya kwanza ikaitika. Mara ya pili ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Akasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, makalio yameachana na kiti, mdomo wazi bila sauti. Gari likapunguza mwendo kwa shingo upande, likapita mlango wa uani, likajitia kwenye lundo la mchanga wa Cheche na kutulia humo kama kuku anayetaga. Draya moja ikajiwasha yenyewe kwa nyuma.

Waya hakuthubutu kugeuka.

"Saluni miguu inayo," Mama Saluni akasema taratibu. "Breki ndiyo haina."

Waya alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso wote uliwaka moto, halafu akasikia mwanamke anacheka, kicheko kile cha zamani cha kujishika tumbo, na yeye kikamshika. Walicheka mpaka Cheche akaja kuchungulia dirishani kuona kama wamegonga vichwa.

"Umefanya makusudi," Mama Saluni akasema akijifuta macho.

"Sikufanya makusudi."

"Najua. Ungefanya makusudi ungefanya vizuri zaidi."

Walilitoa mchangani kwa kusukuma. Mpira wa breki ulikuwa unaning'inia. Waya aliurudisha, akaubana kwa klipu, akaongeza ya pili, akauvuta kwa nguvu zake zote mara kadhaa. Safari hii breki ilikuwa laini kama mto. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Alitafuta kweli, akafuta hata kioo. Mwishowe akauliza akiwa bado ameinama kwenye injini, maana huko hakuna wa kumwona uso.

"Hivi nywele zikikatika, ninyi huwa mnafanyaje?"

"Zilizokatika hazisukiki."

"Basi ndiyo mwisho."

"Nimesema hazisukiki. Sijasema mwisho. Unaziacha ziote."

"Zinaota kwa muda gani?"

"Inategemea anayezishika. Wengine hawana subira, wanavuta."

Waya akafunga boneti. Mama Saluni aliinama, akaiokota ile dainamo ndogo kwa mikono miwili, nguo yake ikapata mafuta na hakujali. Akamwekea mezani.

"Nisukie na hii."

"Ya nini?"

"Ya akiba. Safari ni ndefu. Nitaifuata mwenyewe."

Waya akafungua mdomo amkumbushe kwamba kile kishikio kimekatwa mbele ya macho yake, kwamba dainamo hii haina tena gari duniani la kukaa. Akamwangalia. Mwanamke naye alikuwa anamwangalia, anangoja aone kama ni mpumbavu kiasi hicho. Akaufunga mdomo.

"Isuke taratibu, msusi mwenzangu," alisema akipanda garini. "Nywele ndiyo kwanza zinaota."

Gari likatoka uani. Kwenye kona kiashiria kilipepesa, kikali na kizima, na mkono ukatoka dirishani vilevile, bila sababu yoyote. Mngurumo ukapungua, ukachanganyika na wa mengine, ukapotea. Waya alisimama mpaka alipogundua kuwa anasikiliza magari ya watu.

Cheche alikuja akaegemea meza, akaigeuza dainamo ndogo kwa kidole. Akauliza Mama Saluni akija kuichukua hiyo ataifunga wapi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyechomelea kishikio kipya, na kwa ile haikubali ng'o.

"Shika kazi yako," Waya akamwambia.

Akavuta kiti, akaifungua, akaanza kuchomoa shaba iliyoungua, uzi mmoja mmoja, bila kuvuta.