Mapigo Sitini Mbele ya Metronomu

Usiku wa jana niliota nimepigiwa kengele ya paredi peke yangu, nikiwa nimevaa shati la sare, tai, na taulo kiunoni.

Uwanja ulikuwa uleule wa shule yetu, wenye nyasi zilizokubali kuota upande mmoja tu. Juu ya jukwaa, mahali anaposimama mkuu wa shule kutangaza mabaya, alisimama Metronomu. Mchana huwa ni kisanduku cha mbao kinachoenea kwenye begi, chenye mshale wa chuma unaoyumba kulia na kushoto ukipiga tak, tak, ili mpiga gitaa asiukimbie mwendo wala asiachwe nao. Katika ndoto alikuwa mrefu kama tangi la maji la bweni. Mshale ulipokwenda kulia, kivuli chake kilinifunika. Ulipokwenda kushoto, nilionekana na taulo langu.

"Lusekelo," akasema. Tak. "Kidato cha tatu." Tak. "Mpiga solo." Tak. "Mtarajiwa."

Neno la mwisho alilitua chini kama mtu anayetua ndoo.

Kabla sijaendelea, ni haki msomaji alijue kosa langu, maana pale uwanjani walishalijua wote, pamoja na nyasi.

Mwalimu Ngailo wa muziki ana sheria tano, amezibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano. Anza na mapigo sitini kwa dakika. Piga kipande chako safi mara tano mfululizo. Ukikosea ya tano, unarudi ya kwanza. Ukifaulu, ongeza mapigo manne, si zaidi. Fanya hivyo kila siku, na uandike kwenye daftari umefika ngapi. Atakayefika mia na ishirini bila kuruka hata nota moja ndiye atakayepiga gitaa la solo kwenye mahafali ya kidato cha nne wiki ijayo. Jaribio ni Jumamosi, baada ya usafi wa jumla. Yaani leo.

Baada ya wiki sita, mimi nilikuwa nimefika tisini na mbili. Daftari langu lilikuwa limefika mia na ishirini, kwa sababu daftari halina vidole. Tena nilikuwa nimeshamwandikia mama kwamba solo ni mimi, na mama ameshashona kitenge. Anakuja na shangazi Tumpale, ambaye anaongoza kwaya ya usharika na anasikia kosa hata likiwa nyuma ya ukuta wa matofali.

Kwa hiyo Jumatano nilichukua bigijii niliyoitafuna tangu kipindi cha jiografia, nikaibandika kwenye ncha ya mshale wa metronomu, kwa nyuma. Uzito ukizidi juu, mshale unachelewa. Namba inasomeka mia na ishirini, mapigo yanakuja kama tisini na mbili. Hiyo ni fizikia. Mwalimu wa fizikia hulalamika kila siku kwamba hatutumii tunachojifunza.

Basi narudi uwanjani.

"Una la kusema?" Metronomu akaniuliza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Tak. "Nota waingie."

Wanaingia. Kipande changu kina nota arobaini na nane, na wote wamekuja, vichwa vimenyolewa, sare zimepigwa pasi, kila mmoja na namba yake kifuani. Wanajipanga mstari mmoja kwa urefu wa sauti, wale wa chini mbele, wale wa juu nyuma. Ungeona fahari, isipokuwa wanane kati yao wanachechemea.

"Hawa wamepatwa na nini?" nikauliza.

"Waulize mwenyewe."

Nota wa kumi na tisa alipiga hatua moja mbele. Mguu wake ulifungwa bandeji mpaka gotini.

"Shikamoo kaka. Mimi ndiye unayeniruka kila siku ili umuwahi wa ishirini."

"Sijawahi kukuona."

"Ndicho ninachosema, kaka."

Nota wa ishirini alikuwa amevaa kiatu kimoja. "Na mimi akifika kwangu ananikuta sijamaliza kuvaa," akasema.

"Nyinyi mna afadhali," akasema wa thelathini na moja. Kifuani kwake palikuwa na alama ya kidole changu cha tatu, naifahamu kwa kovu la wembe. "Nyinyi mnarukwa. Mimi nakanyagwa."

Hapo gitaa langu, ambalo sikujua kwamba nimelivaa, likakohoa. Ulikuwa uzi wa kwanza, ule mwembamba.

"Mimi sina neno," ukasema. "Mimi ni uzi tu. Navutwa kama kamba ya mbuzi, nasema asante. Juzi nilikatika, akaniita mwanaharamu mbele ya uzi wa pili. Sina neno."

"Utazungumza zamu yako ikifika," Metronomu akauambia.

"Sina neno kabisa," ukasema uzi, ukaendelea kuongea kwa sauti ya chini mpaka mwisho wa ndoto.

Metronomu akainama. Mbao zake zililia kama mlango wa bwalo. Akasema hukumu yangu ni rahisi. Ukumbi wa mahafali uko juu, na mama yangu ameshaketi. Ngazi ni hizi hapa, kila moja ina namba. Nikifika ya mia na ishirini pamoja na nota wote arobaini na nane wakiwa wazima, solo ni yangu. Nikifika pungufu, kiti kinakwenda kwa anayefuata.

"Nani anayefuata?"

Sikuhitaji kuuliza. Tulizo alikuwa ameshasimama kwenye ngazi ya sitini, gitaa mkononi, kola imefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Tulizo ni wa kidato cha pili. Anapiga polepole kiasi kwamba mimi ndiye niliyempa jina la Konokono, likaenea shule nzima mpaka kwa mpishi. Siku moja nilimwekea konokono mzima ndani ya gitaa lake. Alimtoa kwa vidole viwili, akampeleka kwenye majani, akarudi, akaendelea na zoezi pale alipoishia. Sijamsamehe.

"Shikamoo kaka Luse," akasema. "Nikupishe?"

"Wewe endelea kutambaa," nikamjibu.

"Haya, kaka." Akapiga kipande chake mara tano, akapanda ngazi moja. Ilikuwa na namba sitini na nne.

Nikatazama juu. Kule mwisho mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na mama yangu amekaa mstari wa mbele. Kitenge chake kilichapwa sura yangu, sura baada ya sura, kuanzia begani hadi kwenye pindo. Ila aliyechapa alikuwa na haraka. Sura zote zilikosa jicho la kushoto. Pembeni yake shangazi Tumpale alikuwa anapigapiga mguu chini, mapigo mia na ishirini kamili kwa dakika, bila kifaa.

Sikuona sababu ya kuanzia sitini. Nilifunga taulo vizuri, nikawakusanya nota arobaini na nane kwapani, nikaruka moja kwa moja hadi tisini na mbili. Ngazi ikanipokea. Ilikuwa ya saruji, imara, maana hiyo nimeifanyia kazi. Nikainua mguu kwenda tisini na sita.

Ngazi ya tisini na sita ilikuwa ya karatasi. Ilikuwa na mistari ya bluu, na juu yake pameandikwa kwa mwandiko wangu: "Tisini na sita, safi, mara tano." Na zote zilizofuata, mpaka juu, zilikuwa kurasa za daftari langu.

Nikatoboa.

Naanguka. Napita bweni la Uhuru, watu wamelala, mmoja anaamka, ananiambia nifunge mlango. Napita maabara ya kemia. Napita jikoni, ambako mpishi anakoroga maharage kwa mwiko wenye urefu wa mlingoti, na mwiko unapiga tak kila unapogusa sufuria. Naangukia ngazi ya sitini kwa makalio, nota wananiangukia mmoja mmoja, kwa zamu yao, hata pale wamepanga mstari.

Waliochechemea sasa walikuwa kumi na mmoja.

"Tena?" akauliza Metronomu, kwa upole kabisa.

Nikajaribu tena. Safari hii nilikimbia, nikiamini karatasi haipasuki ukiwahi kuinua mguu. Nilipasua tisini na sita, mia moja, na mia na nne kwa pamoja. Bweni la Uhuru, maabara, jikoni. Yule wa bwenini akasema, "Si nilishakwambia mlango?" Mpishi alinisogezea sufuria pembeni ili nisiharibu chakula cha watu.

Waliochechemea kumi na tano. Juu kule, shangazi aliacha kupiga mguu. Akamwinamia mama, akamnong'oneza, na mama akaanza kukitazama kitenge chake kama mtu anayetafuta doa. Nilitaka kumpigia kelele kwamba nakuja. Sauti iliyotoka ilikuwa tak.

Tulizo alikuwa kwenye ngazi ya themanini. Alinitazama kule chini.

"Kaka Luse, ya sitini hujaipiga bado," akasema. "Nayo si mbaya."

Sikuwa na jingine la kufanya. Nilikaa kwenye ngazi ya sitini, taulo na tai, nikashika gitaa. Mapigo ya sitini ni ya aibu. Kati ya pigo na pigo unaweza kukumbuka dhambi mbili. Nikapiga nota wa kwanza. Akaitika, "Nipo." Wa pili akaitika. Nikaenda hivyo, mmoja mmoja, kidole kinatua, uzi unatetemeka, nota anaitika jina lake kama kwenye paredi.

Nikafika kwa wa kumi na tisa. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nikampiga.

Alikuwa na sauti ya chini kuliko nilivyodhani. Kumbe kipande chote kinapandapanda kwa furaha mpaka pale, halafu huyu anakirudisha nyuma nusu hatua, kama mtu aliyekuwa anacheka akakumbuka jambo. Wiki sita nimekipiga kipande hiki nikidhani ni cha furaha tu.

"Asante kaka," akasema wa kumi na tisa, akaanza kufungua bandeji.

Mara ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, ya nne. Ya tano nilifika kwa nota wa arobaini na saba, nikajisikia fundi, nikamkanyaga.

"Ya kwanza," akasema Metronomu.

Nikarudi ya kwanza. Sikubishana, na hilo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba naota. Nilipofika ya tano tena, nilimpiga wa arobaini na saba, nikampiga wa arobaini na nane, na nota wote wakasimama kwa miguu miwili. Wa ishirini alikuwa na viatu vyote, vimefungwa kamba.

Nikatazama juu. Mlango wa ukumbi ulikuwa unafungwa. Tulizo alikuwa ameshaingia, na mama yangu alikuwa anampigia makofi, nje ya mapigo kidogo, kama anavyofanya siku zote. Kwenye kitenge chake, sura moja, ile ya pindoni kabisa, ilikuwa imepata jicho la kushoto.

"Panda sitini na nne," akasema Metronomu. "Lakini kwanza chukua kilicho chako."

Akaukunja mshale wake mpaka usoni kwake, akabandua bigijii. Kifuani kwa kisanduku pakafunguka kidirisha, na ndani nikaona magurudumu ya shaba yenye meno madogo, yanazunguka. Akaitia humo. Akaitafuna mara sitini, dakika moja kamili, bila haraka. Kisha akaitoa, akaniwekea mdomoni.

"Haina utamu," akasema.

Kengele ikalia.

Ilikuwa ya kweli, ya saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa kitandani kwangu, kitanda cha juu, na shati langu lilikuwa limetundikwa msumarini. Nikataka kumcheka mtu, sikujua nani. Hapo nikagundua kwamba kuna kitu mdomoni, kigumu kama kokoto, chenye ladha ya shaba na mafuta ya mashine.

Nikakitoa, nikakisogeza karibu na taa. Meno yangu ya mbele yana mwanya unaopitisha njiti ya kiberiti, na chochote ninachouma hubaki na ukuta katikati. Alama za kwenye bigijii ile hazikuwa na ukuta. Zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, zimepangika sawasawa, zinazunguka mduara.

Kutoka chumba cha muziki nikasikia metronomu. Tulizo alikuwa ameshaamka. Mapigo yalikuwa mia na ishirini, mepesi, hayaburuti kitu, na gitaa lilikuwa linayafuata bila kumwacha mtu nyuma. Nikamsubiri nota wa kumi na tisa. Alikuwepo.

Nikachana karatasi, nikamwandikia mama kwamba kitenge akivae tu, kwa sababu solo ni ya kijana mmoja wa kidato cha pili, na mimi nitamwomba mwalimu anipe rithim ya kusindikiza solo, nayo inahitaji watu wa kuitazama. Nikamwomba asimwonyeshe barua hii shangazi, ingawa najua shangazi ndiye humsomea.

Kisha nikafungua daftari la mazoezi, nikakata kwa rula kila namba iliyozidi tisini na mbili, na chini yake nikaandika tarehe ya leo. Nilitaka kuandika sitini.

Nikaandika sitini na nne. Ya sitini nilikuwa nimeshaimaliza.