Mkono wa Kulia

Miaka thelathini ya cherehani ilimfundisha Bibi jambo moja: mtu hapimwi upande mmoja. Bega la kulia lina habari zake, na la kushoto zake. Ndiyo maana jirani alipomwazima mashine ya presha, Bibi alimpima mjukuu wake mikono yote miwili. Kushoto, mia na kumi. Kulia, mia sitini na nne. Akarudia mara tatu.

"Mke mwenzangu," akamwambia, "una mikono ya watu wawili."

Mtoto alikuwa na miaka tisa, na kwa kuwa mdomo wake haukai kimya, wote walimwita Chiriku. Alicheka, kisha akashika kichwa. Kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi.

Ugonjwa wake ulishajulikana: wa mishipa ya damu. Kuta za mishipa huwaka na kuvimba, halafu hubana. Mshipa wa figo la kushoto ulishabana, na figo linalonyimwa damu hulipiza kwa kupandisha presha ya mwili mzima. Daktari alieleza mpango mapema: kwanza dawa za kupoza uvimbe, maana mshipa ukitanuliwa ungali unawaka hubana tena. Ukishapoa, wangepitisha kipira chembamba kutoka pajani hadi kwenye figo, wakijaze kama puto, mshipa ufunguke. Chiriku akala vidonge miezi minane, uso ukaumuka kama mto mpya. Uvimbe wa mishipa ukapoa. Bibi akasubiri tarehe.

Tarehe haikuja. Kila kliniki walisema presha nzuri, vidonge vinatosha, kipira cha nini?

"Lakini mkono wa kulia, daktari..."

"Bibi, mashine za nyumbani hizo!"

Kliniki mbili zilizofuata, madaktari wengine, wimbo uleule. Chumba cha kupimia kilikuwa na kiti kilichokazwa sakafuni na mashine iliyokazwa ukutani, upande wa kushoto, mpira wake mfupi. Kila mtoto alipimwa mkono wa kushoto. Ugonjwa ulipogunduliwa mikono ya Chiriku ilikuwa sawa, basi hakuna aliyeuliza tena.

Safari ya nne, mfagizi alimsogezea Bibi kigoda kama kawaida yake, bila kuombwa. Bibi hakukaa. Nesi aliponyoosha mkanda, Bibi alisema, "Chiriku, geuka. Kaa kama umepanda punda."

Mtoto akageuka, kifua kwenye egemeo, mkono wa kulia ukaelekea ukutani.

"Bibi, hatupimi hivi."

"Najua, mwanangu. Mnavyopima ndivyo vinavyonimaliza. Nipe mara moja tu, nikikosea nitanyamaza."

"Utanyamaza wewe?" Chiriku akauliza. "Sista, mpime haraka!"

Nesi akacheka, akafunga mkanda. Mashine ikanguruma. Mia sabini na moja. Kicheko kikaisha. Akapima tena, akashika kifundo cha mkono wa kushoto akitafuta mapigo, akayatafuta muda mrefu. Kisha hakutuma mtu. Alitoka mwenyewe mbio kumwita daktari mkubwa.

Daktari alipima mikono yote na miguu, akampeleka mtoto kwenye picha saa ileile. Aliporudi, alikaa kwanza.

"Mshipa wa mkono wa kushoto nao umebana, damu inafika kidogo, kwa hiyo presha inasomeka chini. Mkono ulikuwa unatudanganya."

"Haukudanganya. Mliuuliza peke yake."

"Ni kweli, mama. Alhamisi tunamtanulia mshipa wa figo."

"Na figo?"

"Limesinyaa kidogo tangu picha ya mwisho. Sehemu iliyobaki bado inafanya kazi. Hiyo ndiyo tunayoikimbilia."

Limesinyaa. Bibi alitaka kupiga kelele mpaka foleni nzima isikie. Mara tatu alisema, mara tatu akaambiwa mashine za nyumbani. Lakini Chiriku alikuwa anamtazama, basi akamshika mkono, wakatoka.

Nje ya mlango, nesi alikuwa amepanda kigoda cha mfagizi, bisibisi mkononi, anahangaika kuing'oa mashine ukutani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe, Bibi," alisema. "Skrubu haitoki."

Bibi alimwangalia. Hasira haikuwa imeondoka. Akanyoosha mkono.

"Shuka. Nimefungua cherehani zenye kutu kuliko hii."

Akaizungusha kwa nguvu zote za miezi ile, mpaka ikalia, ikalegea. Mtoto aliyefuata alikuwa keshakaa kitini, mkono wa kushoto tayari juu.

"Na mwingine, mwanangu," Bibi akamwambia. "Toa na mwingine."