Sahani ya Bi Mwanakheir

Paka wangu alikufa mchana wa Ramadhani, siku moja baada ya kudokoa samaki wa jirani yangu, Bi Mwanakheir. Sikuuliza mtu, nilishajua nani kamuua. Jioni jirani huyo aliponiletea futari ya muhogo, kama miaka yote, nilipokea, nikafunga mlango, nisiiguse.

Asubuhi niliifunga sahani kwenye kitambaa, nikamtia paka kikapuni, nikatoka mtaani kwetu Ng'ambo mpaka mjini kwa daktari wa wanyama.

"Nipimie vyote viwili," nilimwambia Bwana Matar, mpimaji wake. "Nnataka jawabu kwa maandishi."

Niliitwa siku ya tatu, alasiri. Muhogo ulikuwa na nazi na chumvi tu. Tumboni mwa paka walikuta unga uliochanganywa na sumu ya panya.

"Kwako kuna panya, Bi Kidawa?" aliniuliza.

Nilikumbuka madonge ya unga niliyoyaweka kwa mkono wangu nyuma ya mtungi.

Akanirudishia sahani. Chini yake walikuwa wamebandika karatasi: "Futari ya Mwanakheir. Yadhaniwa ina sumu." Niliikwaruza njia nzima kwa kucha, na karatasi ile haikubanduka.

Mlangoni kwangu nilimkuta Bi Mwanakheir na sahani nyingine, ameifunika kawa.

"Nimesikia paka wako kafa, nikasema hata kupika hutoweza," alisema. "Pokea. Na hiyo uliyoishika nipe, ntaiosha mwenyewe."

Akanyoosha mkono.