Nahodha wa Kofia

Omondi aliamini kwamba mtu anayeijua bahari hana maneno mengi juu yake. Yazan, bosi wake, alikuwa na maneno ya kujaza ghala. Hilo peke yake lilimtosha Omondi kumdharau, na alimdharau kwa utulivu na kwa bidii, kila siku ya kazi, mwaka wa saba sasa.

Omondi alikuwa fundi wa injini za boti katika karakana ya Yazan huko Wadi Kabir, mjini Maskati. Kwao ni Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na alijua kuogelea kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Yazan alizaliwa Maskati, kwa wazazi waliorudi kutoka Unguja. Kiswahili chake kilikuwa kile kitamu cha nyumbani, ambacho hata tusi likitoka ndani yake husikika kama dua. Karakana aliirithi. Bahari hakuirithi. Yeye bahari aliijulia kwenye maegesho, boti ikiwa juu ya trela, na chai mkononi.

Kisha akaenda kusoma wiki mbili, akarudi na cheti cha unahodha. Akakitia fremu na kukitundika juu ya mashine ya kahawa ili kila mteja akione.

"Tunakwenda Karibi," alimwambia Omondi asubuhi moja. "Nnakodi mashua ya matanga, futi arubaini na nne. Kutoka Antigua mpaka Grenada, kisiwa baada ya kisiwa. Weye nnakutaka kwa injini tu."

"Na matanga, arbab?" Omondi aliuliza. Arbab ndivyo wafanyakazi wa huko wanavyomwita mwenye mali.

"Matanga niachie mie."

Wakaenda watu watatu: Yazan, Omondi, na Lamya, mke wa Yazan. Lamya alikuwa daktari wa meno, mwanamke mpole wa kauli, aliyezoea kuwatazama watu wazima wakitetemeka kitini.

Kutoka siku ya kwanza Antigua, Omondi alipata vya kuchekea. Yale mapira ya ubavuni yanayozuia boti isigonge gati, Yazan aliyaacha yananing'inia baharini hadi kisiwa cha pili, kama mtu aliyetoka chooni bila kufunga zipu. Nanga aliitupa kwa kelele nyingi, ikatua juu ya mnyororo wa jirani. Mjerumani mmoja mzee, akiwa na chupi tu, alitoka kwenye boti yake kuja kuitegua, na Yazan akamshukuru kwa sauti ya mtu anayempongeza mwanafunzi. Kitabu cha maelezo ya mashua alikifanya kisahani cha kikombe cha kahawa. Lamya alikiondoa kikombe, akafuta duara la kahawa, akakisoma kitabu chote siku mbili. Kisha akaanza kumuuliza Omondi maswali.

"Kamba hii ikikatika, tanga linashikwa na nini?"

"Na Mungu, madam."

"Na kabla ya Mungu?"

Omondi alimwonyesha. Akamwonyesha na nyingine. Mwanamke huyu alikuwa na mikono inayoelewa.

Guadeloupe waliipita kwa mbali, kwa sababu pasipoti ya Omondi haikuwa na viza ya Wafaransa. Yazan alilichukulia jambo hilo kama uzembe wa Omondi wa kuzaliwa Kenya. Walifunga mashua gatini Dominika, kisiwa kirefu cha kijani, chenye milima iliyojifunika mawingu mchana kutwa. Pale gatini mzee mmoja muuza ndizi alimtazama Omondi kwa muda, akamwuliza kwa Kiingereza chao cha kuvuta, "Wewe ni wa kisiwa gani?"

"Mfangano."

Mzee alifikiri. "Sikijui. Kiko huko chini, upande wa Trinidad?"

"Mbele kidogo," alisema Omondi. Mzee akamwongezea kichane cha ndizi bure, kwa ujirani. Katika safari nzima hakuna jambo lililomfurahisha Omondi kuliko hilo. Yazan alipouliza mzee alitaka nini, alimjibu, "Hakutaka kitu, arbab."

Saa ile ile, hapo hapo gatini, ndipo Yazan alipofanya lile jambo. Juu ya sitaha kulikuwa na matundu mawili, moja la maji na moja la dizeli, hatua mbili kati yake, na kila moja limeandikwa. Yazan aliushika mpira wa maji akiwa anazungumza na simu, akafungua kifuniko cha dizeli, akautumbukiza. Omondi aliona. Alikuwa mbele karibu na mlingoti, ndizi mkononi. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alinyamaza kwa raha, na raha yenyewe ilikuwa tamu. Alijiambia: huyu ana cheti, acha cheti kisome maandishi. Alijua injini itagoma kuwaka pale pale, mbele ya gati zima, na muuza ndizi atacheka.

Lakini injini iliwaka, kwa dizeli safi iliyobaki kwenye mabomba. Ilipowaka, Omondi aliona haya kusema alichokiona. Atasema nini? Kwamba alitazama? Yazan aliizima, wakapandisha matanga na kuondoka. Omondi akajiambia labda maji yaliyoingia ni kidogo.

Kati ya Dominika na Martiniki kuna mlango wa bahari ambamo mawimbi ya Atlantiki huingia bila kubisha hodi. Upepo ulikuja kutoka kushoto kwa nguvu, mashua ikalala ubavu, vikombe vikaruka kabatini. Yazan, aliyekuwa kwenye usukani, aligeuka rangi ya majivu.

"Punguza tanga!" alipiga kelele.

Kamba ya kukunjia tanga la mbele ilikuwa imefungwa na Yazan mwenyewe, fundo la kiatu. Fundo lilikuwa limekaza, tanga halikunjiki wala halilegei. Hapo Yazan aliachia usukani akakimbilia ukingoni kutapika. Mashua ikageukia upepo, tanga likaanza kupiga kama milango mia ya bati.

"Washa injini, Omondi! Washa!"

Injini ilinguruma dakika mbili, ikakohoa, ikafa. Yazan alishuka ngazi kwa matako, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kupitia mbao walimsikia akisoma sura fupi fupi na kutapika katikati ya aya.

Lamya alikuwa ameshafika kwenye usukani. Hakuambiwa na mtu. "Nielekee wapi?" aliuliza.

"Mlima ule wa mbele, uweke kidogo kushoto kwako. Wimbi likija, usishindane nalo, lipande kwa mshazari. Kisha rudi."

"Kisha nirudi," alisema Lamya, kama anayeandika dawa.

Omondi alikata lile fundo kwa kisu, wakakunja tanga pamoja hadi likabaki kipande cha shuka. Kisha akashuka kwenye injini. Alifungua chujio la dizeli, yakatoka maji. Akayamwaga, yakatoka maji tena, safi, matamu, maji ya mlima wa Dominika. Alipiga magoti juu ya chuma cha moto, kichwa kikigonga boriti kila wimbi likipita, na hapo kwa mara ya kwanza dharau yake ilikosa pa kwenda ikamrudia mwenyewe. Yule chumbani alikuwa mjinga. Lakini mjinga hakujua. Aliyejua alikuwa na ndizi mkononi.

Alikuwa amebeba dumu la lita kumi la dizeli yake mwenyewe, ya kusafishia vipuri. Alichomoa bomba kutoka tangini, akalitumbukiza dumuni, akalifunga dumu kwa mkanda wa suruali, akatoa hewa kwenye nozeli moja baada ya nyingine huku vidole vikiungua. Kazi ya dakika arubaini karakanani ilimchukua saa tatu. Muda wote huo, kila alipochungulia, aliiona miguu ya Lamya imesimama palepale, imetanuka, haitetemeki.

Walipofika chini ya mlima wa Martiniki upepo ulikatika, kwa kuwa mlima uliuziba wote. Injini ikawaka. Wakaingia taratibu kwa lita kumi za dumu, wakatia nanga mbele ya mji. Viganja vya Lamya vilikuwa vimechubuka hadi nyama.

Ndipo Yazan akatoka chumbani, amenawa, amejipaka manukato. "Alhamdulillahi, tumefika," alisema. "Nliwaambia mashua hii ina nguvu."

Omondi hakuruhusiwa kushuka, viza tena. Alibaki kunyonya maji kutoka tangini kwa pampu ya mkono. Yazan alishuka mjini na kurudi na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu mbele. Akaivaa, akaushika usukani wa mashua iliyotia nanga, akamwambia Lamya ampige picha. Lamya alipiga picha. Simu aliishikia kwa ncha za vidole.

Safari ilikuwa na siku nyingine kumi. Bekwia, kisiwa kidogo kusini zaidi, walihudumiwa na mwanamke mnene wa forodha aliyekuwa akila karanga.

"Nahodha ni nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Yazan, na kofia.

Mwanamke aliitazama mikono ya Lamya yenye bandeji. Akaitazama mikono ya Yazan. Akaguna, akagonga muhuri, akarudia karanga zake. Tangu kule Martiniki hadi Grenada aliyeshika usukani alikuwa Lamya. Yazan alikuwa "akisimamia" kutoka kwenye kivuli.

Maskati, hadithi ilianza kunenepa. Wiki ya kwanza mawimbi yalikuwa mita tatu, mwezi wa pili yakawa saba. Picha ya kofia ilipanda ukutani kando ya cheti. Wateja wakaja kuisikiliza, na kila mara Yazan alimwita Omondi kutoka chini ya injini fulani. "Si ndivyo, Omondi?" Na Omondi, grisi hadi kwenye viwiko, alijibu, "Ndivyo, arbab." Alijibu hivyo kwa dharau, na alidhani dharau inatosha kuwa ukweli.

Ijumaa moja baada ya sala, Yazan aliwaalika watu chakula cha mchana nyumbani kwake Qurum. Omondi aliitwa pia, kwa kisingizio cha kutazama jenereta. Ilipoletwa sinia ya wali na nguru, aliitwa aketi. Alijua anaitwa kuwa shahidi.

Yazan alisimulia. Tanga lilipasuka, akalishona. Injini ilizimika, akaifufua. Mke wake maskini alilia chumbani. Lamya, aliyekuwa akigawa achari, hakuinua macho.

"Muulizeni Omondi!"

"Ndivyo, arbab," alisema Omondi, akachomoa mwiba.

Pale alikuwapo Bi Bashayer, mama mdogo wa Lamya, khalti kwa Kiarabu, mwanamke mkubwa wa umri na wa sauti. Alikuwa amesikiliza mdomo wazi. "Mashaallah, Yazan! Basi mie nna boti la marehemu bwana wangu, huyu Omondi ndiye aliyekuwa akilitengeneza, limekaa tu. Na wajukuu kumi na mmoja wananilia roho, wanataka kwenda visiwa vya Daymaniyat kuona kasa. Nliogopa, sina nahodha. Kumbe nahodha nnaye ndani ya ukoo! Utawachukua Ijumaa ijayo?"

"Kwa macho yangu mawili, khalti," alisema Yazan. Hakungoja hata kumeza tonge.

Watoto kumi na mmoja. Omondi aliweka chini tonge. Alihisi ladha ya ndizi mdomoni, ndizi ya miezi minne iliyopita.

"Mama," alisema, "usimpe hao watoto."

Yazan alimgeukia, tonge mkononi.

"Umesema nini?" aliuliza Yazan.

"Nimesema wasiende na wewe. Waende na madam. Wewe ulifunga kamba kama ya kiatu, ukaweka maji kwa tangi la dizeli, mawimbi yakakuja ukajifungia kwa chumba. Boti ililetwa na bibi yako. Na mimi nilikuona ukiweka hayo maji, nikanyamaza ili nicheke. Kwa hivyo hata mimi usinipe, mama. Mpe yeye."

Yazan alicheka peke yake. "Jua limempiga huyu. Lamya, mwambie khalti."

Lamya aliweka bakuli la achari chini, taratibu. "Amesema kweli," alisema. "Sikulia. Nlikuwa sina mkono wa kufutia machozi." Kisha akamgeukia Omondi, na sauti yake ilikuwa baridi kama koleo lake la kung'olea meno. "Hilo la maji silijui. Uliona, ukanyamaza?"

"Ndiyo, madam."

"Basi nyinyi wawili mnafanana," alisema, akachukua bakuli na kwenda kwa wageni wengine.

Bi Bashayer alimtazama Yazan, akamtazama Omondi, akasonya, msonyo mrefu uliowatosha wote wawili. "Lamya mwanangu," aliita, "Ijumaa saa ngapi?"

Yazan hakumfukuza Omondi. Kumfukuza kungeleta maswali, na fundi mwingine wa injini zile hakuwa naye. Alimhamishia ghalani Rusayl, kukwangua kutu kwenye trela juani kila siku isiyo na injini ya kutengeneza. Pauline, Mkenya aliyepika kwenye kantini ya eneo hilo, alimuuliza amekosa nini.

"Nilisema ukweli."

"Ulisema mapema?"

"Hapana. Nilichelewa."

"Sasa unataka pongezi gani?" alisema Pauline, akamwekea ugali.

Ijumaa ile Omondi alikuwa anakwangua ekseli simu ilipolia. Ilikuwa ni Lamya. Nyuma yake upepo ulivuma na watoto walipiga kelele wote kwa pamoja.

"Injini inapata moto," alisema bila salamu. "Maji ya kupoza hayatoki nyuma."

"Umezima?"

"Nshazima. Nanga nshaitia."

"Chini ya kizibo chekundu kuna chujio. Funga vali kwanza. Ukifungua utapata mfuko wa plastiki au majani."

Alisubiri, simu begani. Alimsikia akihema, akimkemea mtoto asiegemee ukingoni, akizungusha kitu kigumu.

"Mfuko," alisema Lamya. "Wa mkate."

"Utoe wote, madam. Usiache hata kipande. Kisha fungua vali kabla ya kuwasha. Kabla, si baada."

"Nimesikia." Akamkemea mtoto mwingine. "Kuna jengine unalolijua hujaniambia?"

Omondi alifikiri kwa uaminifu, brashi ya waya mkononi. "Mkanda wa jenereta ya hiyo boti ni mzee. Usipeleke kasi."

"Haya," alisema Lamya, akakata simu.