Mwalimu Amesimama

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, shule moja ya kanisa huko Wamaza ilipandisha bendera, na michi yote ya kijiji ikaanza kwenda mbio. Mama Léocadie alikuwa nyuma ya jiko akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mikono yake iliharakisha bila kumuuliza, majani yakaruka nje ya kinu. Kwa jirani ilikuwa vivyo hivyo. Jirani akasema Régina amesimama, akainama kuokota mihogo yake. Halafu michi ikasita, na Mama Léocadie akajua Régina, binti yake mwalimu, ameanguka tena mbele ya wanafunzi.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mvua za mwaka jana. Moyo wa Régina uligonga kifuani mwake na ndani ya vinu vya Wamaza. Akilala, unga unatoka vizuri. Akisimama, wanawake wanatoka jasho. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huu waliujua wote, kwa mabega. Hakuna aliyeuliza sababu. Walitaka tu mwalimu akae chini, wapumzike.

Aliyeuliza ni direkteri wa shule, na yeye hatwangi. Aliona mwanamke mzima, anakula, hana homa, lakini bendera ikipanda anaanguka. Akasema hiyo ni dharau au ni pepo, na shule yake haina nafasi ya chochote kati ya hivyo. Akampa wiki mbili alete karatasi ya daktari, la sivyo jina lake linafutwa. Na Régina, jamani, aliusomea ualimu miaka sita akienda kwa miguu! Hakuwa na kazi nyingine aliyoitaka duniani.

Wakapanda pikipiki mpaka Kasongo, mama, binti na kinu, maana asiyebeba kinu chake hospitalini hulala njaa. Régina alishuka, akasimama, akaanguka mlangoni. Wakambeba mpaka kitandani. Dokta Dominique alifika baada ya saa mbili, akampima pale pale alipolala. Tansio, yaani msukumo wa damu, nzuri. Moyo, sabini na mbili. Akaandika: hana ugonjwa.

Mama Léocadie alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtu anaanguka akisimama, wewe unampima amelala! Ni kama kukagua paa linalovuja siku ya jua. Lakini alisema taratibu:

"Dokta, umemupima amelala. Mutoto wangu haangukake kitandani. Anaangukaka akisimama."

Dokta alimwonyesha fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa tansio, nao ulishajaa.

Basi mama akaburuta kinu chake mpaka katikati ya wodi, akaanza kutwanga. Muuguzi Chimène, aliyekuwa akibadilisha mashuka, aliangalia saa yake, akahesabu mapigo ya mchi kwa dakika: sabini na mbili.

"Sasa simama, mama," Léocadie akamwambia bintiye.

Régina akasimama, akashikilia kitanda. Mchi ukaenda mbio. Huko nyuma, kwenye jiko la ndugu wanaolinda wagonjwa, michi mingine ikafuata, sufuria zikatikisika. Chimène alihesabu mia moja na thelathini na nane. Akampima tansio: haikushuka. Wakarudia tena tangu mwanzo, ikawa hivyo hivyo. Chimène akasema si pepo, wala si uongo. Mtu akisimama, mishipa hujibana ili damu isitelemke yote miguuni; ya Régina inachelewa kujibana, na moyo unakimbia kuokoa hali. Anywe maji mengi, aongeze chumvi, ajifunge miguu kwa kitambaa cha kikwembe, na afundishe akiwa amekaa.

Régina alilia. Alikuwa ameanza kuamini kwamba anajiangusha mwenyewe.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mikono ya mwanamke si kifaa cha hospitali, muuguzi haandiki ugonjwa, na fomu imeshapigwa muhuri. Kisha akafunga dirisha la upande wa jikoni, kwa sababu ya kelele.

"Muhuri iko na nguvu kupita mutoto wangu?" mama akauliza. Dokta alishafika kitanda cha pili.

Waliporudi Wamaza, direkteri alisoma karatasi yenye muhuri. Ile aliyoandika Chimène, ukurasa wa daftari wenye namba zote mbili, hakuigusa. Akamwamuru Régina asimame ndipo amjibu. Nyumbani, Mama Léocadie aliukamata mchi kwa nguvu zake zote ili upunguze mwendo. Haukupunguza. Kijiji kizima kilimsikia mwalimu akifukuzwa: michi ilikimbia, ikakimbia, ikasita.

Siku hizi Régina anakunywa maji yake ya chumvi, anajifunga miguu, anainuka polepole. Anaanguka mara chache. Wanawake wakiona mchi unaharakisha husema, "Mwalimu amesimama," na kuziba kinu kwa kiganja majani yasiruke. Bendera inapandishwa mbele ya mwalimu mwingine. Huko Kasongo fomu zimechapishwa upya, mstari wa tansio bado ni mmoja, na kwenye jiko la wagonjwa wamepigilia kibao: ni marufuku kutwanga wakati dokta anapima.